Mkia Atakula Nani

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Oktoba. Alfajiri ziwa lilikuwa limelala, hata bati la jirani halikulia. Tulipofika Butiama, saa nne hivi, upepo ukaanza, ukapandisha vumbi jekundu mpaka ndani ya viatu. Juu yetu lilisimama wingu jeusi, zito, siku nzima. Halikunyesha.

Mimi niliishia darasa la saba. Kauntabuku hii ninaiandikaga tangu binti yangu akiwa anatambaa, na mara nyingi nikirudia kusoma naona nimejipendelea. Pale nilipokosa nimeandika kidogo, pale nilipokosewa nimeandika kurasa. Leo nitajitahidi isiwe hivyo, kwa sababu leo nimesemwa mbele za watu. Aliyenisema ni mwanangu, na alichosema ni kweli.

Kazi yangu ni kukaanga samaki. Nina banda hapa Nyasho, karibu na njia wanayopita wanafunzi wa sekondari wakitoka saa nane mchana. Nina karai, jiko la mkaa, mabenchi mawili, meza na ndoo ya kunawia. Samaki ninanunua asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha. Kwa miaka mingi nimekaanga sato wadogo, wale wanaoenea kwenye kiganja, wazima wazima, mtu anapewa na ugali na kachumbari. Najua wamekatazwa. Kila mkaangaji anajua. Watu wa doria wakipita tunafunika ndoo kwa kanga, wakishapita tunafunua.

Wakubwa wapo, siwezi kusema hawapo. Siku hizi ni wa kubahatisha, na wengi wanaondoka na magari ya barafu, lakini wapo. Tatizo ni kichwa. Huku kwetu mtu mzima hawekewi samaki asiye na kichwa. Ukimpa mgeni kipande cha katikati, hata kikiwa kinono namna gani, anakitazama tu, anajiuliza kichwa kapewa nani. Mume wangu ni mtu wa Nyamuswa, watu wa ng'ombe na pamba. Kwao nyama haigawiwi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe. Alipokuja kukaa ziwani akauchukua utaratibu ule ule akauweka kwa samaki, na wenzake wengi ndivyo walivyofanya. Kichwa ni cha baba. Mkia ni wa mtoto wa mwisho.

Sasa samaki mkubwa ukimkata vipande sita, kichwa ni kimoja na mkia ni mmoja. Vijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, ndevu ndiyo zinachungulia, nani atakubali mkia mbele ya wenzake? Basi kila mmoja anataka samaki wake, hata akiwa mdogo kama kijiko, mradi ana kichwa. Kijana anakula mtoto wa samaki ili yeye mwenyewe asionekane mtoto. Hilo nimeliona kwa miaka yote hiyo, nimelicheka, na nimekula kwa hilo.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Nakumbuka sato mmoja aliyemleta nikiwa darasa la pili. Kichwa chake peke yake kilijaza sufuria, mama akakipika siku moja na mwili siku ya pili. Binti yangu nikimsimulia ananitazama kama ninamdanganya. Simlaumu. Hajawahi kumwona.

Yeye yuko kidato cha tatu. Mwezi wa nane alijiunga na klabu ya mazingira shuleni. Nilifurahi, nikadhani watapanda miti. Siku moja akaja bandani na rula yake ameichora alama nyekundu. Akachukua sato kwenye beseni langu, akamlaza juu ya rula, pua mwanzoni, mkia ukaishia mbali na ile alama.

"Mama, huyu hajafika. Hajazaa hata mara moja."

Nikamwambia, "Na wewe hujazaa, mbona unakula?"

Wanafunzi waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Na yeye akacheka, lakini alipomaliza kucheka bado alikuwa amemshika yule samaki.

"Mwalimu wa baiolojia anasema samaki akiliwa kabla hajazaa, ni kama kula mbegu."

"Mwambie mwalimu wako aje anunue hao waliozaa."

Nilisema vile kwa sababu watu walikuwepo. Peke yangu nisingesema.

Toka siku hiyo akaacha kula sato wadogo. Hakugoma, hakununa. Nikipakua, anachukua ugali na mboga, samaki anamwacha kwenye bakuli. Mgagani ukiwepo, anakula mgagani. Kunde zikiwepo, anakula majani yake. Akaniomba nisage muhogo na mtama badala ya sembe, anasema mahindi ya bibi yake Nyamuswa yanakauka na jua kila mwaka na mtama unasimama. Vijana wa siku hizi ugali mweusi wanauonea aibu. Yeye alikuwa anaubeba shuleni kwenye kopo, wenzake wanamuuliza kama kwao kuna msiba. Nilimwonea huruma, halafu nikamkasirikia, halafu tena huruma. Nikawa namwekea samaki makusudi, mnono, mwenye pilipili kama anavyopenda. Asubuhi namkuta palepale, macho yake meupe.

Hiyo nayo niiandike: nilikuwa najua anapenda, ndiyo maana nikaweka.

Wiki tatu zilizopita akaja jikoni nikichambua dagaa. Shule kadhaa za mkoa zilikuwa zikutane Butiama, klabu za mazingira, kila shule itoe msemaji mmoja azungumze na vijana wenzake juu ya chakula kisichomaliza ardhi na maji. Wazazi wamealikwa. Shule yake imemchagua yeye.

"Mama, naomba kitu kimoja tu," akasema. "Mpaka siku ya Butiama usikaange wadogo. Baada ya hapo ni wewe na banda lako. Lakini siku nikisimama pale nisiwe msema uongo."

Hakuwa ameniomba kitu muda mrefu. Nguo anavaa anazopewa. Nikamwambia sawa. Hakuniapisha. Nadhani angeniapisha ingekuwa rahisi zaidi kwangu, maana kiapo ningekiogopa.

Jumatatu nikaanza. Nilinunua sato wawili wakubwa, nikawakata vipande kama wanavyokatwa kwenye harusi. Saa nane vijana wakafika. Wa mbele ni yule kiranja wao wa kidato cha nne, mrefu, sauti imeshakuwa nzito, anayependa kuwahi ili achague. Akainama juu ya karai.

"Shikamoo mama. Samaki wamepatwa na ajali?"

"Marahaba. Hao ni wakubwa, nimekata. Chagua kipande."

Kichwa cha kwanza akachukua yeye. Cha pili akachukua rafiki yake. Kisha foleni ikasimama. Waliobaki wanatazamana. Vipande vya katikati vikaondoka polepole, ikabaki mikia, na vijana wawili wamesimama na sahani za ugali mikononi.

"Mkia atakula nani?" kiranja akauliza, mdomo umejaa.

"Mpe huyo, ni kitinda mimba kwao."

"Kitinda mimba ni mama yako."

"Mimi natoka kwa watu wa ng'ombe," yule aliyeitwa kitinda mimba akasema. "Sikuja mjini kula mkia."

Binti yangu alikuwa anaosha sahani nyuma. Akajibu bila kugeuka. "Watu wa ng'ombe? Supu ya mkia wa ng'ombe kwenu si mnaigombania? Baba yako anaamka saa kumi na moja kuiwahi. Wa samaki ndiyo una laana?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Lakini kucheka si kula. Wale wawili walirudisha ugali wakaenda banda la pili, la mama mwenzangu aliye hatua kama thelathini kutoka kwangu. Kwake sato wadogo walikuwepo, wazima, wamepangwa kwenye sinia vichwa vyote vikitazama barabara. Kesho yake wakaenda watano.

Nisimseme vibaya yule mama. Yeye ni mjane, ana wajukuu watatu wanaomtegemea, na hakuna aliyemwomba ahadi. Jumatano alinifuata mwenyewe. "Dada, unaumwa? Mbona unanipa wateja?" Nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Mwanao ana akili. Lakini akili yake imekaa hapa Nyasho, na samaki wanavuliwa kule. Mimi nikimwacha huyu mdogo, yule mwenye wavu amemwacha?" Jioni nilimpelekea binti yangu swali lile. Akasema, "Hajamwacha kwa sababu anajua sisi tupo." Hilo pia ni kweli. Nimekaa katikati ya kweli mbili tangu siku hiyo.

Wiki ya pili akaja na shauri la dagaa. Nikamwambia dagaa hawaliwi bandani, ni chakula cha bweni na cha kuku. Vijana watatucheka mpaka tufunge. Akasema tujaribu. Tukawaosha kwa maji ya moto mara tatu mpaka mchanga ukaisha, maana dagaa wetu wanaanikwa chini na mchanga ndio unaowafukuza watu, siyo ladha. Tukawakaanga wakauke, tukawatia kitunguu, nyanya, limau, pilipili ya kutosha kumtoa mtu machozi.

Kiranja akaja, akatazama. "Mama, leo ndiyo umetushusha kabisa. Dagaa?"

"Kaa chini," binti yangu akamwambia. "Wewe si ulitaka kila mtu na kichwa chake? Hapo una vichwa mia."

"Hivi ni vitoto."

"Vitoto ni vile unavyokula kwa jirani. Dagaa hakui zaidi ya hapo. Huyo ni mtu mzima, ana wajukuu. Yule sato wako alikuwa chekechea."

Benchi zima lilipiga meza. Kiranja aliona haya, ila ni kijana muungwana, akakaa, akaonja mmoja, akachota konzi nzima. Akaomba ugali wa pili. Tangu siku hiyo ikawa utani wao njiani, ukimkuta mwenzako na sato mdogo unamuuliza, "Unakula chekechea?" Sijui kama ni mazingira au ni utani tu. Labda vijana hawabadiliki kwa kuambiwa, wanabadilika kwa kuogopa kuchekwa, kama walivyoanza. Mimi siyo mwalimu, sijui. Ninachojua, wale watano walirudi watatu, halafu wakawa wanne.

Na niseme la upande wa pili, maana binti yangu mwenyewe alinikumbusha. Wavu wa dagaa una matundu madogo, na watoto wa samaki wengine wanaingia humo. Alisema atalitaja Butiama. Nikamwambia usilitaje, utajiharibia. Akanitazama vibaya kidogo.

Sasa Alhamisi.

Jumatano usiku upepo ulipiga, mitumbwi mingi haikwenda. Alhamisi asubuhi mwaloni hapakuwa na dagaa kabisa, na wakubwa waliokuwepo walikuwa tayari ndani ya gari la barafu. Nilizunguka mpaka jua likawa kali. Mwanamke mmoja alikuwa na beseni la sato wadogo, amelifunika kwa majani ya mgomba. Akaniita kwa mkono tu.

Ningeweza kurudi mikono mitupu. Banda kufungwa siku moja haliui mtu. Nimewahi kulifunga kwa msiba, kwa malaria, kwa mvua. Maharage nyumbani yalikuwepo, ningeweza kukaanga hata mihogo. Nimejiuliza siku mbili kwa nini sikufanya hivyo, na jibu si zuri. Wateja walikuwa wameanza kurudi na niliogopa wakikuta pamefungwa wataondoka moja kwa moja. Na kingine: nilikuwa nimechoka kuwa mwema kwa amri ya mtoto niliyemzaa. Nikanunua. Nikajiambia ni siku moja, na yeye Alhamisi anabakia shuleni kujiandaa na mwalimu, hatapita bandani.

Niliwakaanga. Saa tisa walikuwa wameisha, isipokuwa wanne.

Yule kiranja alikula wawili. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Jioni alimkuta binti yangu getini akamtania tu, "Mama yako leo amefungua chekechea."

Alifika nyumbani akanisalimia kama kawaida. Akafua sare yake ya Jumamosi, akaianika, akaikunjua tena na kuianika upya ingawa ilikuwa imekaa vizuri. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nasubiri aseme. Ikabidi niseme mimi.

"Dagaa hawakuwepo."

"Sawa, mama."

"Na wakubwa walikuwa wameshachukuliwa."

"Nimekuelewa."

"Siyo kwamba nilisahau."

Hapo ndipo akanigeukia. "Ungesahau ingekuwa nafuu," akasema. Akachukua ndoo akaenda bombani.

Hakulia na hakunikosea adabu. Nilitamani anikosee adabu, nipate pa kushika.

Leo asubuhi alinipigia hodi mlangoni, nimeshavaa lakini nimekaa kitandani sijui kama niende. Akasema, "Mama, gari linaondoka saa moja na nusu." Nikaenda.

Tulikutana kwenye bwalo la shule moja ya pale Butiama. Vijana walikuwa wengi, sare za rangi nyingi, na sisi wazazi tukawekwa nyuma kwenye mabenchi marefu. Kulia kwangu alikaa mama mmoja wa Bunda, mchangamfu, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Alinigawia karanga. Wasemaji wa kwanza walisema vizuri, kwa sauti za redioni, wanasoma kwenye karatasi. Tulipiga makofi.

Binti yangu alipanda bila karatasi. Ile rula alikuwa nayo. Nitaandika maneno yake kama ninavyoyakumbuka, na nikikosea ni mimi.

Aliinua rula. Akasema, "Hii alama nyekundu ndiyo kipimo cha sato anayeruhusiwa. Samaki ambao nimelelewa nao hawafiki hapa. Nyumbani kwetu tunauza samaki wadogo. Mama yangu ndiye anayekaanga. Viatu hivi nilivyovaa vimetoka kwenye samaki wadogo, na ada yangu pia. Kwa hiyo sijaja kuwaambia kwamba wanaofanya hivyo ni watu wabaya. Mama yangu siyo mtu mbaya. Anawakaanga kwa sababu sisi vijana ndio tunaowataka. Sisi ndio hatutaki mkia."

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaendelea. Aliwaambia wawe wanakula vipande vya samaki mkubwa aliyekwisha kuzaa, na anayepewa mkia asione haya. Wawe wanakula na dagaa. Akalitaja na lile la matundu ya wavu, akasema dagaa nao wana kasoro yao na hataki kuwadanganya. Akawaambia wakirudi kwa bibi zao wakubali kula mgagani na mtama bila kukunja uso, kwa sababu vinakua penye jua hili tulilonalo. Akasema, "Msianze kwa kuwahukumu wazazi wenu. Anzeni na sahani yenu, maana hiyo ndiyo mnayoishika." Akashuka.

Wakati ule mama wa Bunda akaniinamia sikioni. "Katoto kajasiri. Lakini kumwanika mama yake hivyo mbele ya watu? Mama mwenyewe ni nani, yumo humu?"

Nikasema, "Simjui."

Niliisikia sauti yangu mwenyewe, ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu bei. Nilikuwa bado na karanga zake mkononi.

Binti yangu akapita katikati ya mabenchi, hakukaa na wenzake, akaja moja kwa moja mpaka kwangu. "Mama, umeniona?" akauliza. Mama wa Bunda akanitazama, akamtazama yeye, akageuza uso mbele. Zile karanga nilizitia kwenye mfuko wa gauni. Ninazo mpaka sasa.

Walitoa zawadi. Shule yake haikupata ya kwanza. Alipewa daftari na kalamu kama wengine wote.

Tulisubiri gari ya kurudi chini ya ukuta wa duka, mahali palipokuwa na kivuli chembamba. Lile wingu lilikuwa bado limesimama. Akaniuliza kama nimekasirika.

"Umesema kweli," nikamwambia.

"Sijasema yote."

Hapo nikaelewa. Hakuitaja ahadi. Angeweza kusema mama yangu aliniahidi akavunja siku mbili kabla, na bwalo zima lingekuwa upande wake. Alichagua kusema kwamba tunauza wadogo, kama kitu cha sasa, ili asiwe msema uongo, na ile ahadi akaiacha kwangu. Mimi niliyekuwa na siku mbili za kutafuta maneno sikupata hata moja.

Kwa hiyo nikamwambia la mama wa Bunda. Sikutaka kumwambia, ila niliona nisipomwambia nitakuwa nimevunja kitu cha pili. Nikasema, "Mwenzangu aliniuliza mama yako ni nani, nikasema simjui."

Pikipiki mbili zilipita na magunia. Akachora mstari kwenye vumbi kwa kiatu chake, kile kilichotokana na samaki.

"Nilipokuwa darasa la tano," akasema, "uliniletea daftari shuleni nililolisahau. Ulikuwa unanuka karai. Wakaniuliza yule ni nani. Nikasema ni dada wa kazi."

"Sikujua."

"Ndiyo, hukujua."

Hatukukumbatiana, sisi siyo watu wa hivyo. Gari ilipokuja alinipisha nipande kwanza.

Tulipofika Nyasho mume wangu alikuwa amesharudi. Ni mlinzi kwenye kinu cha pamba Bunda, anakuja Jumamosi. Alikuwa amewasha jiko mwenyewe, jambo ambalo silioni mara nyingi. Kwenye ndoo walikuwemo wale sato wanne wa Alhamisi, nimewakausha kwa moshi wasioze. Binti yangu aliwaona, mimi nilimwona akiwaona. Niliwatoa nikampelekea mama mwenzangu kwa ajili ya wajukuu wake. Sijui kama hilo ni jambo jema au ni kusafisha mikono yangu kwa kitambaa cha mtu mwingine. Kuwatupa ingekuwa dhambi ya pili. Alipokea, akasema, "Kwa hiyo umeamua?" Nikamwambia Jumatatu nitakaanga dagaa, na wakubwa wakipatikana vipande. Akauliza, "Na wasipopatikana?" Nikamwambia mihogo. Akasema tutaona. Ndiyo, tutaona. Sijamwapia mtu, na hapa kwenye kauntabuku siapi pia.

Dagaa niliwapata kwa jirani wa nyuma aliyekuwa nao wakavu toka juma lililopita. Tuliosha mara tatu. Binti yangu alisonga ugali, mimi nikakaanga, baba yake akakaa na miguu ameinyoosha akituuliza habari za Butiama. Hatukumficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, na sikujua anamtikisia nani.

Bakuli lilipokuja akalitazama. "Kichwa changu kiko wapi?"

"Baba, chagua," binti yangu akamwambia. "Leo vyote ni vyako."

"Na mkia?"

"Umeshikana na kichwa. Ukila kimoja umekula vyote."

Akafikiri kidogo, kama anatafuta sheria ya kwao Nyamuswa inayokataza. Hakuiona. Akamega ugali.

Tulikula ugali wa muhogo na mtama, dagaa wa kukaanga kwa nyanya na limau, na mgagani uliokaa kwenye maziwa tangu asubuhi. Mchanga kidogo ulikuwemo. Hakuna aliyebakisha.